Sura ya Nane: Homa ya Mafua na Chanjo Yake

1. Utangulizi

Katika sura iliyopita tulijifunza jinsi hewa inavyoingia mwilini kwa njia ya pua, ikapita kooni na kufika mapafuni. Tuliona kuwa njia hiyo haifungwi usiku wala mchana, kwa maana mwanadamu hawezi kuishi bila kuvuta pumzi. Sasa jiulize: ikiwa hewa huingia saa zote, ni kitu gani kingine kiwezacho kuingia pamoja nayo?

Hebu fikiri habari ya nyumba moja. Katika nyumba hiyo wanakaa watu sita: baba, mama, bibi mwenye umri wa miaka 70, kijana wa darasa la sita, mdogo wake wa darasa la pili, na mtoto mchanga wa miezi mitatu. Siku ya Jumatatu kijana wa darasa la sita alirudi kutoka shuleni akiwa mzima. Usiku alishikwa na baridi, kichwa kikamgonga, na viungo vyote vikamuuma kana kwamba amelima shamba zima peke yake. Mama yake alidhani ni malaria. Asubuhi alimpeleka zahanati, damu ikapimwa, lakini vijidudu vya malaria havikuonekana. Mganga alisema kuwa ni homa ya mafua, akamshauri apumzike na anywe maji mengi. Baada ya siku tano kijana alipona, akarudi uwanjani kucheza mpira.

Lakini kabla hajapona, mdogo wake alikwisha kuanza kukohoa. Baada yake akafuata bibi. Bibi hakupona kwa siku tano. Kifua kilimbana, pumzi ikawa fupi, na ikabidi apelekwe hospitali, ambako alilazwa siku kumi kwa ugonjwa wa mapafu. Na mama, kila alipompakata mtoto wake mchanga, alimsikiliza jinsi anavyopumua, moyo ukiwa juu.

Ugonjwa ulikuwa mmoja. Kwa nini basi kijana alipona upesi, na bibi akakaribia kufa? Je, kulikuwa na njia ya kumkinga bibi kabla ugonjwa haujaingia nyumbani? Na mtoto mchanga, ambaye hajui hata kuziba kinywa anapokohoa, nani amkinge? Soma sura hii kwa makini, na mwisho wake utaweza kuyajibu maswali hayo wewe mwenyewe.

2. Mafua ya kawaida na homa ya mafua

Katika mazungumzo ya kila siku neno "mafua" hutumika kwa magonjwa mawili yaliyo tofauti. Ni lazima tuyatenganishe.

Mafua ya kawaida huanza polepole. Pua huwasha na kutoa kamasi, mtu hupiga chafya, na koo huweza kuuma kidogo. Homa huwa ndogo au haipo kabisa. Mgonjwa huendelea na kazi zake, ingawa kwa taabu.

Homa ya mafua, ambayo waganga huiita influenza, huanza ghafla. Mtu aliyeamka mzima huweza kuwa amelala kitandani jioni. Dalili zake ni homa kali, kutetemeka kwa baridi, kichwa kuuma, misuli na viungo kuuma, kikohozi kikavu, na uchovu mwingi. Watu wengi hupona katika muda wa wiki moja, ijapokuwa kikohozi na uchovu huweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi. Lakini kwa baadhi ya watu ugonjwa hushuka mapafuni, na hapo huwa hatari kwa maisha.

Katika nchi zetu iko sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Homa ya mafua hufanana sana na malaria mwanzoni. Kwa hiyo mtu mwenye homa asikisie ugonjwa wake, wala asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Aende zahanati akapimwe.

3. Chanzo cha ugonjwa

Homa ya mafua huletwa na kirusi. Virusi ni vitu vidogo mno, vidogo hata kuliko bakteria. Kirusi cha homa ya mafua hakionekani kwa darubini ya kawaida iliyo shuleni. Lau ungeweza kuvipanga virusi elfu kumi katika mstari mmoja, mstari huo ungekuwa na urefu wa milimita moja tu. Chukua rula yako, uitazame milimita moja, kisha utafakari jambo hilo.

Kirusi hakiwezi kuongezeka kikiwa peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai. Kikiisha kuingia katika chembe za pua au za koo, huilazimisha chembe hiyo iache kazi yake na kuanza kutengeneza virusi vingine vingi. Virusi hivyo vipya hutoka na kuziingia chembe zilizo jirani. Kati ya siku moja na siku nne tangu kuambukizwa, mtu huanza kuona dalili.

Viko virusi vya homa ya mafua vya aina mbalimbali. Zile zinazoleta ugonjwa kwa watu kila mwaka ni aina A na aina B. Juu ya ganda la kila kirusi mna protini zilizosimama kama miiba. Protini zilizo muhimu kwetu ni mbili, nazo huandikwa kwa kifupi H na N. Hii ndiyo maana husikika majina kama H1N1 na H3N2. Ikumbuke miiba hiyo, kwa sababu tutairudia.

4. Jinsi ugonjwa unavyoenea

Mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya, hata anapozungumza, hutoa matone madogo ya mate na kamasi. Ndani ya matone hayo mna virusi. Mtu aliye karibu huyavuta kwa pumzi. Matone mengine huanguka juu ya meza, vitasa vya milango, vikombe na mikono. Mtu akivigusa vitu hivyo, kisha akajigusa pua, macho au kinywa, hujiambukiza.

Jaribio la kwanza

Vifaa: kioo kidogo kikavu na kitambaa safi.
Njia: Shika kioo mbele ya kinywa chako, kwa umbali wa upana wa vidole vinne. Sema kwa sauti: "Papai pana, pera pevu." Tazama kioo. Kifute kwa kitambaa. Sasa funika kinywa chako kwa kitambaa, useme maneno yaleyale tena.
Swali: Uliona nini juu ya kioo mara ya kwanza? Uliona nini mara ya pili?

Jaribio la pili

Vifaa: unga wa chaki ya rangi.
Njia: Mwanafunzi mmoja apake unga wa chaki katika kiganja cha mkono wa kulia. Awape mkono wanafunzi watatu. Kila mmoja wa hao watatu awape mkono wenzake wawili. Kisha wote waonyeshe viganja vyao.
Swali: Ni wanafunzi wangapi walio na alama ya chaki? Je, wote walimgusa yule wa kwanza?

Jambo moja linaifanya homa ya mafua iwe vigumu kuizuia. Mgonjwa huweza kuwaambukiza wengine siku moja kabla yeye mwenyewe hajajisikia mgonjwa. Yule kijana wa darasa la sita alipokaa mezani na bibi yake siku ya Jumatatu jioni, hakujua kuwa tayari alikuwa amebeba ugonjwa. Hakufanya kosa lolote. Hii ndiyo sababu kujitenga baada ya kuugua ni jambo jema, lakini peke yake hakutoshi.

5. Ugonjwa ulioizunguka dunia

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inakaribia kwisha, homa ya mafua ya aina mpya ilienea duniani kote. Meli na magari moshi yaliyochukua askari yaliuchukua na ugonjwa pia. Ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya bandari, ukaingia bara pamoja na wasafiri. Uliwakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na vita na njaa.

Wataalamu hukadiria kuwa watu wapatao milioni 500 waliugua, yaani mtu mmoja katika kila watu watatu duniani, na kwamba watu wasiopungua milioni 50 walikufa. Jambo la kushangaza ni kuwa wengi wa waliokufa walikuwa vijana wenye nguvu, wa umri wa kati ya miaka 20 na 40. Waganga wa wakati ule hawakuwa na chanjo ya ugonjwa huo. Hata chanzo chake hawakukijua. Wengi walidhani ni bakteria.

Ukweli ulijulikana miaka 15 baadaye. Mwaka 1933 wataalamu watatu wa Uingereza, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walichukua maji yaliyosukutuliwa kooni na wagonjwa wa homa ya mafua. Waliyachuja ili kuondoa bakteria wote, kisha wakayatia matone yake katika pua za wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Wanyama hao walipata homa, wakaanza kupiga chafya. Kwa kuwa bakteria walikwisha kuondolewa, ilidhihirika kwamba kilicholeta ugonjwa ni kitu kidogo zaidi, nacho ni kirusi. Adui akiisha kujulikana, silaha ya kupigana naye huweza kutafutwa. Katika miaka ya 1940 chanjo ya homa ya mafua ilianza kutumika kwa askari wa Marekani, na baadaye kwa watu wengine.

6. Jinsi mwili unavyojikinga

Katika damu yetu mna chembechembe nyeupe, ambazo ni walinzi wa mwili. Kirusi kigeni kikiingia, walinzi hao hukichunguza, hasa ile miiba iliyo juu ya ganda lake. Kisha hutengeneza kingamwili, yaani protini maalumu zinazoishika miiba hiyo barabara, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Kirusi kilichoshikwa na kingamwili hakiwezi kuingia katika chembe hai.

Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mara ya kwanza adui anapokuja, humkuta mlinzi bado anamtazama na kujiuliza ni nani. Kwa muda huo virusi huongezeka, na mtu huugua. Akiisha kupona, mwili wake huwa na kumbukumbu. Adui yuleyule akirudi, walinzi humtambua mara moja na kumfukuza langoni.

Sasa tazama ilivyo kwa mtu dhaifu. Mapafu ya mzee yamechoka na walinzi wake huchelewa kuamka. Walinzi wa mtoto mchanga bado hawajajifunza mengi. Kwa watu wa namna hiyo, zile siku chache za kuchelewa huweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Je, haingekuwa bora walinzi wajifunze sura ya adui kabla hajafika? Hiyo ndiyo kazi ya chanjo.

7. Chanjo ni nini?

Chanjo ni somo linalofundishwa kwa mwili. Chanjo nyingi za homa ya mafua hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa na kuvunjwavunjwa, hata ikabaki miiba yake. Miiba hiyo haiwezi kuleta ugonjwa, kama vile ngozi ya simba isivyoweza kumng'ata mtu. Lakini mtoto aliyeonyeshwa ngozi ya simba atamtambua simba siku atakapomwona.

Njia iliyotumika kwa miaka mingi kutengeneza chanjo hii ni ya mayai ya kuku. Yai lenye kiinitete hutobolewa tundu dogo, na kirusi hutiwa ndani yake. Yai huwekwa mahali penye joto kwa siku chache, na virusi huongezeka humo. Kisha maji ya yai hutolewa, virusi huuawa kwa dawa, husafishwa, na chanjo hutiwa katika chupa ndogo. Siku hizi ziko pia njia nyingine zisizotumia mayai. Tangu wataalamu wachague virusi vya kutumia hadi chanjo iwe tayari, hupita miezi ipatayo sita.

Chanjo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi hospitalini. Ikipata joto huharibika, na ikigandishwa huharibika pia. Mara nyingi hutolewa kwa sindano katika msuli wa mkono. Mwili huchukua kiasi cha wiki mbili kutengeneza kingamwili za kutosha. Kwa hiyo anayengoja mpaka ugonjwa uingie mtaani ndipo akachanjwe, amechelewa kufunga mlango.

8. Kwa nini chanjo hii hurudiwa kila mwaka?

Huenda unauliza: "Mtoto aliyekamilisha chanjo ya surua huweza kukingwa miaka mingi. Kwa nini homa ya mafua itake chanjo kila mwaka?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba kirusi hubadilika. Fikiri mwalimu ameandika habari ndefu ubaoni. Mwanafunzi wa kwanza anainakili haraka haraka, anakosea herufi moja. Wa pili ananakili kwa yule wa kwanza, anaongeza kosa lake. Wa tatu ananakili kwa wa pili. Ifikapo zamu ya mwanafunzi wa mia, habari hiyo haifanani tena na ile ya ubaoni. Kirusi cha homa ya mafua hujinakili kwa namna hiyo hiyo, upesi na kwa makosa mengi. Makosa mengi hayakisaidii kitu. Lakini machache huibadilisha ile miiba ya juu. Kirusi huwa kama mwizi aliyebadili nguo: mlinzi aliyeagizwa kumkamata mtu mwenye kanzu nyeupe humwacha apite, kwa sababu leo amevaa shati jekundu.

Sehemu ya pili ni kwamba kingamwili zilizotokana na chanjo hii hupungua kadiri miezi inavyopita. Hata kama kirusi hakikubadilika, mlinzi anahitaji kukumbushwa.

Je, wataalamu hujuaje nguo atakazovaa mwizi mwaka ujao? Tangu mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mtandao wa maabara zinazokichunguza kirusi hiki. Sasa maabara hizo zimo katika nchi zaidi ya mia moja. Miongoni mwake zimo za Afrika ya Mashariki, kama ile ya Entebbe nchini Uganda. Hospitali huchukua kamasi za baadhi ya wagonjwa na kuzipeleka maabara, na huko virusi hutambuliwa. Mara mbili kila mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, wataalamu hukutana, huzilinganisha habari hizo zote, na kuchagua virusi vitakavyotiwa katika chanjo ya msimu ujao. Mkutano wa Februari ni kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia, na ule wa Septemba ni kwa ajili ya nchi za kusini. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, ugonjwa huzidi wakati wa baridi. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, virusi huweza kuonekana miezi yote ya mwaka.

Mara nyingine kirusi hakibadiliki kidogo kidogo, bali huzuka kipya kabisa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009, ambapo aina mpya ya H1N1 ilizuka Amerika ya Kaskazini, na mwaka huohuo ikafika Afrika ya Mashariki.

9. Chanjo humkinga nani?

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwaka homa ya mafua huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa magonjwa ya njia ya hewa. Walio katika hatari kubwa zaidi ni hawa:

(a) wazee;
(b) watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka miwili;
(c) akina mama wajawazito;
(d) wenye magonjwa ya kudumu, kama pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, na upungufu wa kinga mwilini;
(e) waganga na wauguzi, kwa sababu hukutana na wagonjwa kila siku.

Wasafiri wanaokwenda kwenye mikusanyiko mikubwa nao hushauriwa kuchanjwa. Mahujaji wanaokwenda Makka, kwa mfano, hukutana na watu kutoka pande zote za dunia, na serikali ya Saudia huwashauri wapate chanjo hii kabla ya safari.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hawezi kupewa chanjo hii. Basi anakingwaje? Anakingwa na watu wengine. Mama akichanjwa wakati wa ujauzito, kingamwili zake hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto huzaliwa akiwa amekwisha kupewa walinzi wa kuazima, nao humlinda katika miezi yake ya kwanza. Na wale wanaomzunguka wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia nyingi za kumfikia. Kwa hiyo mtu hachanjwi kwa ajili ya nafsi yake tu.

Mchezo wa darasani

Mwanafunzi mmoja awe "mgonjwa", apewe vipande viwili vya karatasi. Awape wenzake wawili, kila mmoja kipande kimoja. Kila apokeaye huwa mgonjwa, naye huwapa wengine wawili katika mzunguko unaofuata. Baada ya mizunguko minne hesabu wagonjwa wote: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31.

Sasa rudieni mchezo. Safari hii nusu ya darasa wawe "wamechanjwa", na wafunge utepe mkononi. Kila mgonjwa atoe karatasi moja kwa aliyechanjwa na moja kwa asiyechanjwa. Aliyechanjwa aichane karatasi, asimpe mtu. Baada ya mizunguko minne hesabu tena: 1 + 1 + 1 + 1 + 1 = 5.

Tazama tofauti kati ya 31 na 5. Kati ya wale waliopona na ugonjwa, wapo pia wasiochanjwa. Walikingwa na wenzao.

Maisha hayaendi sawasawa na mchezo huu, kwa sababu chanjo ya homa ya mafua haikingi watu wote kabisa. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vema na virusi vilivyopo, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kumwendea mganga kwa asilimia 40 hadi 60. Tena, wengi wa wanaougua baada ya kuchanjwa huugua kwa wepesi zaidi. Mwavuli haumzuii mtu asilowe miguu, lakini hakuna mwenye akili autupaye kwa sababu hiyo mvua inaponyesha.

10. Maneno yasemwayo na watu

"Chanjo ndiyo inayoleta homa ya mafua." Sivyo. Virusi vilivyo katika sindano hiyo vimekufa. Mkono huweza kuuma, na mtu huweza kupata homa ndogo kwa siku moja au mbili. Hizo ni dalili za mwili unaojifunza.

"Mimi ni kijana mwenye nguvu, sina haja ya chanjo." Kijana wa darasa la sita naye alikuwa na nguvu. Lakini bibi aliambukizwa na nani?

"Nitakunywa dawa za kuua bakteria." Dawa hizo haziui virusi. Kuzitumia ovyo huwafanya bakteria wazizoee, na siku zitakapohitajika hazitafaa.

Mtu aliyewahi kudhurika vibaya baada ya chanjo yoyote amweleze mganga kabla ya kuchanjwa tena.

11. Pale ambapo chanjo haijafika

Katika nchi nyingi za Afrika chanjo hii haimo katika orodha ya chanjo apewazo kila mtoto kliniki. Hupatikana katika baadhi ya hospitali, na pengine hulipiwa. Wazazi wenye wazee, wajawazito au wagonjwa wa kudumu nyumbani waulize katika kituo cha afya. Pamoja na hayo, kila mtu, awe amechanjwa au hajachanjwa, aweza kufanya mambo haya:

(a) kuziba kinywa na pua kwa kitambaa, au kwa kiwiko cha mkono, anapokohoa au kupiga chafya;
(b) kunawa mikono kwa maji na sabuni mara kwa mara;
(c) kufungua madirisha ili hewa ipite;
(d) kubaki nyumbani anapokuwa na homa, na kutompakata mtoto mchanga;
(e) kumpeleka mgonjwa hospitali bila kukawia akiona anapumua kwa shida, kifua kinabana, au mtoto anakataa kunyonya.

12. Turudi katika ile nyumba

Sasa unaweza kuyajibu maswali ya mwanzo. Kijana alipona upesi kwa sababu walinzi wa mwili wake waliamka upesi. Walinzi wa bibi walichelewa. Lau bibi angalichanjwa, huenda asingeugua, au angeugua kidogo. Lau mama angalichanjwa alipokuwa mjamzito, mtoto angezaliwa na kingamwili zake. Na lau kijana na mdogo wake wangalichanjwa, huenda ugonjwa usingevuka kizingiti.

Bibi wa nyumba ile alirudi kutoka hospitali akitembea kwa fimbo. Katika dunia wako mabibi wengi ambao hawakurudi. Sindano ni maumivu ya dakika moja. Mwanafunzi anayeyavumilia maumivu hayo huenda asijue kamwe ni nani aliyemwokoa, kwa kuwa mtu ambaye hakuugua hatangazwi.

Mambo ya kukumbuka

1. Homa ya mafua huletwa na kirusi, nayo ni kali kuliko mafua ya kawaida.
2. Mgonjwa huweza kuambukiza wengine kabla hajajua kuwa anaumwa.
3. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Huchukua kiasi cha wiki mbili kukamilika.
4. Chanjo hurudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika na kingamwili hupungua.
5. Anayechanjwa huwakinga pia wale wasioweza kuchanjwa.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya mafua ya kawaida na homa ya mafua.
2. Kwa nini mtu mwenye homa ni lazima apimwe damu?
3. Wataalamu wa mwaka 1933 walijuaje kwamba ugonjwa hauletwi na bakteria?
4. Eleza kwa mfano wako mwenyewe, si ule wa kitabu, jinsi kirusi kinavyobadilika.
5. Mtoto wa miezi mitatu hukingwaje na homa ya mafua? Toa njia mbili.
6. Katika mchezo wa darasani, wagonjwa wangekuwa wangapi baada ya mizunguko mitano kama hakuna aliyechanjwa?

Kazi ya kufanya

Andika majina ya watu wote wa nyumbani kwenu. Mbele ya kila jina andika kama mtu huyo yumo katika hatari kubwa ya homa ya mafua, na kwa sababu gani. Kisha wasomee wazazi wako orodha hiyo, na mzungumze pamoja juu ya njia za kuwakinga.